Si kila anayeshtuka ung'ongo aliumwa na nyoka

Najua nimepotea hapa kibarazani, na wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kama chumba cha habari kimeninyonya damu yote. Hakijanimaliza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nazungukazunguka, natafuta namna ya kuandika hiki ninachokiandika leo. Ni makala ya kuomba radhi, na sisi waandishi wa habari ni hodari wa kuwadai wengine waombe radhi kuliko kuomba wenyewe.

Mtakumbuka mwaka jana niliwaandikia kuhusu mbwa wangu, Manusura. Kwa mliokuja juzi: huyu ni mbwa wa kahawia, mbwa koko kama mnavyowaita, niliyepewa na mama mmoja daktari wa mifugo mstaafu ambaye ana ugonjwa wa kuokota kila mnyama anayemkuta barabarani. Alimkuta kwenye jengo lililokwama ujenzi huko Goba, mbavu nje, sikio la kushoto limepasuka, shingoni kovu la mduara kama mkufu. Nikamchukua, nikampeleka Tabata ninakopanga, nikampa jina la Manusura.

Halafu nikakaa chini nikawaandikia historia yake. Niliandika kwamba alilelewa na mlinzi katili wa jengo lile, kwamba mlinzi huyo alimfunga waya shingoni hadi ukazama kwenye nyama, na kwamba alikuwa akimcharaza kwa fagio la chelewa. Niliandika vizuri, tusidanganyane. Wengi mlisema mlilia. Msomaji mmoja alitaka tumtafute huyo mlinzi afikishwe mahakamani kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Nami nilivimba kichwa.

Sasa naomba niwaambie ushahidi niliokuwa nao. Kwanza, kovu la shingo. Pili, sikio. Tatu, Manusura akiona fagio alikuwa anajikunja kama karatasi na kujikojolea. Nne, mbwa alipatikana kwenye jengo, na kila jengo lina mlinzi. Basi. Sikumhoji mtu hata mmoja. Ningempelekea mhariri wangu habari ya mizani hiyo kuhusu diwani au mkandarasi, angenirushia karatasi usoni na kuniuliza, "Upande wa pili uko wapi?" Lakini mbwa hana msemaji, na mlinzi hana wakili. Nani angenipinga?

Wahenga wametuachia methali: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ni methali ya kweli kabisa. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaisoma kinyumenyume. Tukimwona mtu au mnyama ameshtuka ung'ongo, tunaapa kwamba aliumwa na nyoka, tunataja na rangi ya nyoka. Methali haijasema hivyo.

JUMAMOSI ASUBUHI

Ningeendelea na kisa changu hadi leo kama si Jumamosi moja mwezi wa saba. Binti wa mama mwenye nyumba, mtoto wa miaka saba, alikuwa anafagia uani. Manusura alikuwa amelala kwenye kona kati ya simtanki na ukuta, mahali pake pa siku zote. Siku chache kabla, mtoto aliniuliza kama anaweza kufagia karibu na mbwa. Nami, mtaalamu wa historia ya Manusura, nikamjibu: "Usiogope. Huyu anaogopa wanaume wakubwa wenye fagio, sababu kuna mwanaume alikuwa anampiga. Wewe ni mtoto, hana neno na wewe."

Someni tena sentensi hiyo. Mtoto alipewa ushauri wa usalama uliotokana na hadithi niliyoitunga mwenyewe.

Alifagia hadi kwenye kona. Mbwa hakuwa na pa kutokea. Akamng'ata ugokoni, mara moja, akaachia, akabaki anatetemeka palepale. Jeraha lilikuwa dogo, meno mawili na damu kidogo. Lakini kwa mbwa jeraha dogo si kipimo cha chochote, maana kinachoogopwa ni kichaa cha mbwa. Huo ni ugonjwa ambao dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mara mwisho wake ni kaburi. Inakadiriwa kwamba duniani unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, wengi wao Afrika na Asia, na miongoni mwao wamo watoto wengi. Na unazuilika kabisa, kama mtu akiwahi.

Tuliwahi. Mama mwenye nyumba ndiye aliyekuwa na akili timamu siku ile. Aliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika kumi na tano nzima, huku mimi nimesimama kama nguzo ya umeme. Tukakimbilia hospitali.

Daktari akaniuliza maswali matatu. Mbwa ana chanjo? Alichanjwa lini? Umemtoa wapi?

Ndugu zangu, niliweza kumsimulia yule daktari rangi ya fagio. Sikuweza kumjibu swali hata moja kati ya hayo matatu. Yule mama aliyenipa mbwa alinisisitiza nimrudishe kwa chanjo akishatulia kidogo. Miezi saba nilikuwa naahirisha. "Maskini, ameteseka sana, ngoja asahau kwanza, nitamshikaje kwa nguvu." Nilimhurumia mbwa hadi nikamweka mtoto wa watu hatarini. Huruma ilikuwa tamu na sindano ilikuwa kazi, nikachagua utamu.

Mtoto alianza chanjo siku ileile, na akapangiwa tarehe za sindano zilizofuata. Hakuna aliyesubiri upelelezi wangu, na nanyi msisubiri mkikutwa na jambo kama hili. Bwana mifugo akaagiza mbwa afungiwe na kuangaliwa kwa siku kumi. Hesabu yake ni hii: kama mbwa alikuwa na virusi kwenye mate siku aliyong'ata, ndani ya siku hizo ataonyesha dalili na kufa. Asipoumwa, hakuambukiza kwa kuuma kule.

Jioni mama mwenye nyumba aliniita barazani. Huyu mama ni Mwislamu wa swala tano. Alikubali nikae na mbwa kwa masharti: asiingie ndani, chombo chake kisichanganywe na vyombo vya watu, na mate yake yakigusa kitu nikioshe kama dini inavyotaka. Masharti yote niliyatimiza. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, huyo mbwa unamjua, au unamhadithia?"

Sikulala.

NILIFANYA KAZI YANGU, KWA KUCHELEWA

Kesho yake nikapanda daladala hadi Mbezi, nikachukua bodaboda hadi Goba. Jengo bado lipo, nondo zimeota kutu, majani yamepanda ngazi. Mlinzi wa sasa ni kijana, hajui lolote la zamani. Nikaenda kijiweni kwa bodaboda, nikawaonyesha picha ya mbwa kwenye simu. Ilichukua dakika mbili. Miezi saba nilikuwa na historia ya kutunga, na ya kweli ilikuwa dakika mbili kutoka pale mbwa alipookotwa.

"Huyu si Bosi huyu?" mmoja akasema. "Bosi wa yule mzee. Nenda kamuulize mama wa chapati, siku hizi yuko kituo cha mbele."

Mama wa chapati aliiangalia picha, akaweka kijiko chini. Akanisimulia kwamba mlinzi alikuwa mzee wa Singida, alikaa kwenye jengo lile kama miaka miwili. Kila mchana alinunua chapati tatu: mbili zake, moja ya Bosi. Mwenye jengo alipoishiwa fedha, mzee alikaa miezi minne bila mshahara, akila kwa mkopo. Mwisho akaamua kurudi kwao. Alimchukua mbwa hadi kituo cha mabasi cha Magufuli pale Mbezi, na mabasi yote yakakataa kumpakia. Akarudi naye kwa miguu hadi Goba, akamwachia mama wa chapati pamoja na hela kidogo ya mapafu na dagaa, akaondoka kesho yake. Haikupita muda mama naye akaambiwa ahame eneo lile na meza yake. Mbwa hakumfuata. Alirudi kukaa mlangoni kwenye jengo, na ndiko alikokondea.

Nikamuuliza kama ana namba ya mzee. Akafungua daftari lake la madeni. Namba ilikuwa pale, na mbele yake jina limekatwa mstari. "Alinilipa yote," akaniambia. "Alituma kidogokidogo kutoka Singida, miezi mitano."

Nilipiga simu nikiwa nimesimama chini ya mwembe, jasho linanitoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikajieleza. Nikamwambia ninaye mbwa aliyekuwa kwenye jengo la Goba. Simu ikawa kimya, nikadhani salio limekata.

"Bosi yupo hai?"

"Yupo mzee."

"Bado anapenda papai?"

Sikujua. Miezi saba naishi na mnyama, nimeshaandika kurasa tatu za mateso yake, na sijui kwamba anapenda papai.

Nikamuuliza kuhusu waya. Akasema alimwokota akiwa mdogo, meno ya utoto yanadondoka, waya mwembamba wa umeme ukiwa umeshazama shingoni. Nani alimfunga, hajui. Anadhani ni watoto waliokuwa wakichezea kitoto cha mbwa, kikakua na waya usikue. Aliazima koleo la fundi wa nondo, akaukata taratibu usiku mbwa akiwa amechoka, akawa anamwosha kidonda kwa maji ya chumvi.

Yaani mtu niliyewaandikia kwamba alifunga waya ndiye aliyeukata.

Sikio? Aligombania mfupa na mbwa wenzake nyuma ya bucha. Fagio? Hapo mzee akacheka. "Huyo tangu namwokota anaogopa kila kitu. Fagio, ndoo, mwavuli, hata kandambili ukizivua kwa kishindo. Hakuna aliyempiga kwa fagio, labda kabla yangu. Mimi sijui, mwanangu."

Sikilizeni lile neno la mwisho. "Mimi sijui." Mzee aliyeishi na mbwa miaka miwili anasema hajui. Kijana mwenye shahada ya uandishi wa habari, aliyekaa naye wiki mbili, alijua kila kitu.

Swali la mwisho lilikuwa la chanjo. Mzee akasema alimpeleka mara moja, siku walipotangaziwa na serikali ya mtaa, na kadi anayo. Kadi anayo Singida! Hakuweza kuondoka na mbwa, akaondoka na kadi ya mbwa. Nikamuuliza kwa nini aliitunza. "Nilidhani nitarudi," akasema. Jioni mjukuu wake akanitumia picha ya kadi kwa WhatsApp. Tarehe ilishapita muda wake, maana chanjo ile hurudiwa, lakini hicho kilikuwa kipande cha kwanza cha historia ya mbwa wangu ambacho ningeweza kumpelekea daktari.

Nilimwambia pia nilichoandika juu yake. Nilitaka anitukane. Akasema, "Mlinzi ndiye wa kwanza kusemwa, mwanangu. Kikipotea kitu ni mlinzi, mlango ukivunjwa ni mlinzi. Basi na mbwa tena?" Akacheka, akaniomba nisitaje jina lake, akaniuliza kama mbwa anapata mahali pakavu mvua ikinyesha.

TUNAJUAJE YALIYOPITA?

Sasa msinielewe vibaya. Sisemi kwamba ya nyuma hayana maana, tufute tuanze upya. Yana maana sana. Mwaka 1924 mji wa Leningrad, ambao leo ni Saint Petersburg, ulipata mafuriko makubwa, na maji yakaingia kwenye vibanda vya mbwa wa mwanasayansi Ivan Pavlov. Mbwa wale waliokolewa maji yakiwa yamewafika karibu na pua. Baada ya hapo baadhi yao walipoteza mambo waliyokuwa wamefunzwa kwa muda mrefu, na Pavlov alipopitisha maji kidogo tu chini ya mlango, hofu ilirudi upya. Maji kidogo tu, yanachuruzika sakafuni. Huyo ndiye aliyeumwa na nyoka kweli, na ung'ongo ukamshtua.

Lakini Pavlov alijua kuhusu mafuriko. Hakukisia kutokana na mtetemeko wa mbwa. Alikuwa na tukio, na baada ya tukio akaona hofu. Sisi tunaookota mbwa tunapewa hofu peke yake, kisha tunaunda tukio.

Na hofu ina mama zaidi ya mmoja. Watafiti wa Bar Harbor, katika jimbo la Maine nchini Marekani, walifanya kazi ya miaka mingi ambayo John Paul Scott na John Fuller waliiweka kwenye kitabu mwaka 1965. Waligundua kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi, kuanzia kama wiki ya tatu hadi karibu na wiki ya kumi na mbili au kumi na nne, ambacho ndani yake anajifunza vitu vya kawaida vya dunia yake: watu, sauti, vyombo. Kwenye maabara ileile watoto wa mbwa waliachwa wakue uwanjani bila kushikwa na binadamu hadi wiki ya 14. Walipokutana na watu waliwakimbia kama wanyama wa porini. Hakuna aliyewapiga. Kosa lilikuwa kwamba hakuna aliyewashika.

Turudi kwa mbwa wetu. Mzee alimwokota meno ya utoto yakidondoka, na mbwa hubadili meno akiwa na kama miezi minne hadi sita au saba. Maana yake kile kipindi kilishapita, na huenda alikipitisha vichakani bila kuona ndoo wala fagio la mtu mwema. Naandika "huenda", na nawaomba mliheshimu neno hilo kama ninavyojifunza kuliheshimu. Inawezekana pia kuna mtu alimpiga. Kovu linasema waya ulikuwepo. Halisemi mkono wa nani.

KWA NINI TUNAPENDA HADITHI MBAYA

Nimejiuliza sana kwa nini nilikimbilia kisa kile. Jibu la kwanza ni aibu tupu: hadithi ya mbwa aliyeteswa ilinifanya mimi kuwa shujaa. Mwokozi anahitaji mkatili. Bila mlinzi mbaya, mimi ni kijana tu aliyepewa mbwa bure na kushindwa kumpeleka chanjo.

Jibu la pili linaniuma zaidi. Nilipotafuta wa kumpa lawama, sikuhangaika. Nilimchagua mlinzi. Sikumfikiria mwenye jengo aliyemkalisha mzee miezi minne bila mshahara. Sikufikiria mabasi, wala utaratibu wetu wa kuhamisha watu na meza zao kana kwamba nyuma ya meza hakuna maisha. Hayo ndiyo yaliyomfikisha mbwa yule kwenye njaa. Ila sisi vijana wa mjini tuliosoma tuna orodha yetu ya watuhumiwa wa kudumu: mlinzi, dada wa kazi, konda, mtu wa bodaboda. Kikitokea kitu kibaya, kidole kinajua njia chenyewe. Hata wakati tunajiona wapole, tunamlilia mbwa, tunakuwa tumeshamhukumu mtu asiyeweza kutujibu.

Tena hadithi ile haikumsaidia hata mbwa. Ilinifanya nimtazame kama mgonjwa wa kudumu. Nilificha fagio kila alipokuwa karibu, kwa hiyo hakupata nafasi ya kujifunza kwamba fagio ni mti tu. Nilipolijua hilo, kwa maelekezo ya yule mama daktari, nililaza fagio chini mbali kabisa na chakula chake. Kila siku chache nilisogeza hatua moja, na kando yake nikaweka vipande vya mapafu. Akirudi nyuma, narudisha fagio nyuma. Hakuna kumlazimisha, hakuna hotuba. Imechukua miezi miwili na nusu. Leo anakula fagio likiwa kando ya bakuli. Mtu akilinyanyua bado anaondoka, na njia ya kuondokea ipo wazi, hafungiwi konani tena.

Kwa hiyo kwa yeyote kati yenu anayetaka kuchukua mbwa au paka aliyeokotwa, na najua mpo wengi siku hizi, nawapa nilichojifunza. Chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika unachokijua, upande wa pili unachokidhani, na usiruhusu neno livuke mstari bila shahidi. Nenda alipookotwa, uliza bodaboda, mama ntilie, bwana mifugo wa kata, mjumbe. Uliza yale yenye kazi leo: amechanjwa, lini, kadi iko wapi? Amewahi kuishi na watoto? Alikuwa anafungwa au yuko huru? Anakula nini? Amewahi kung'ata mtu? Usipopata jibu, chukulia kwamba hakuchanjwa, mpeleke wiki hiyohiyo, na mtoto asimkaribie akiwa konani. Huna haja ya kujua nani alimkosea ili umtendee vizuri.

NIMALIZIE

Siku kumi zilipita, mbwa hakuumwa. Mtoto alimaliza sindano zake, na gharama zote nimelipa mimi, kama inavyostahili. Bado anamwogopa mbwa, na sijamwambia asimwogope. Nimeshatoa ushauri wa kutosha.

Jumapili moja nilimpigia mzee, nikaweka simu kwenye spika mbele ya mbwa. Nilitaka sana kuwaandikia kwamba alisikia ile sauti akalia, akazunguka akimtafuta mzee wake. Hakufanya hivyo. Aliinua sikio lile zima, akanusa simu, akaenda kulala kando ya simtanki. Mzee akauliza, "Amefanyaje?" Nikamwambia ukweli. Akasema sawa, mbwa hajui mambo ya simu.

Sijui alimkumbuka au hakumkumbuka. Nimeliandika hilo upande wa kulia wa daftari.

Jina la Manusura nimelifuta. Anaitwa Bosi, na ukimwita hivyo anakuja. Papai anakula hadi ganda. Kadi yake mpya nimeibandika ukutani, chini yake picha ya ile ya Singida, na tarehe ya kurudia chanjo nimeizungushia wino mwekundu.

Makala yangu ya mwaka jana sijaifuta. Nimeandika juu yake kwamba si kweli, na kwa nini. Mzee wangu wa Singida, hutasoma hapa, lakini nilikukosea mbele za watu na nakuomba radhi mbele za watu haohao.

Haya waungwana, uwanja ni wenu. Na wewe uliyetaka tumtafute mlinzi: nimempata. Anakusalimu.